Kabla Hujaiachia Programu Ikutoe Sokoni

Anayecheza na opsheni za hisa za Marekani, yaani mikataba inayompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi siku fulani, akiwa Mombasa au Dodoma anafanya kazi ya usiku. Soko la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi ya kule. Kwetu hiyo ni saa kumi na nusu jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao. Kufungwa ni saa tano usiku, au saa sita. Ndiyo maana wengi huikabidhi programu kazi ya kutoka: faida ikifika hapa, uza, hasara ikifika pale, uza, mwenyewe nimelala. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na neno "uza". Programu haiuzi. Programu hutuma oda, na oda ni ombi. Wa kulikubali ni mtu mwingine, kwa bei yake yeye.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kanuni yoyote, tazama mwanya ulio kati ya bei ya wanunuzi na bei ya wauzaji. Kwenye hisa ya kampuni kubwa mwanya huo mara nyingi ni senti moja. Kwenye opsheni isiyo na wateja wengi unaweza kuwa senti 60. Tuseme wanunuzi wanatoa dola 1.80, wauzaji wanataka 2.40. Ukainunua kwa 2.40, ukaiwekea stopu ya 1.90, yaani amri ya kuuza bei ikishuka hadi hapo. Kama programu yako inasoma bei ya wanunuzi, stopu imeshaguswa kabla hujaweka simu mezani, na dola 60 zimekwenda kwa kila mkataba, maana mkataba mmoja hubeba hisa 100. Hisa yenyewe haijasogea hata kidogo. Kama inasoma bei ya mauzo ya mwisho, huenda mauzo hayo yalifanyika jana. Na kama inasoma katikati, yaani 2.10, hapo katikati huwa hakuna mtu aliyesimama. Tarehe 5 Agosti 2024, kabla soko la New York halijafunguliwa, kipimo cha VIX, kinachopima hofu ya soko la hisa la Marekani, kilipita 65, kisha siku ikafungwa kikiwa chini ya 40. Kipimo hicho hukokotolewa kwa katikati ya bei za opsheni, na alfajiri ile wauzaji na wanunuzi walikuwa wameachana mbali sana. Programu iliyosoma katikati siku hiyo ilisoma bei ambayo pengine hakuna aliyekuwa tayari kuilipa.

Ulizia basi: programu ya dalali wako inasoma bei ipi? Usikisie. Mahali pengine unaruhusiwa kuchagua, na mimi huchagua kuifunga kanuni ya hasara kwenye bei ya hisa yenyewe. Kwa mfano, hisa ikishuka chini ya dola 48, tuma oda ya kuuza opsheni. Bei ya hisa haichezewi na mwanya mpana kirahisi hivyo. Oda inayotumwa iwe ya kikomo, yaani isiyokubali bei iliyo chini ya ile uliyoitaja, ianze karibu na katikati, halafu ijishushe senti tano tano kila baada ya dakika moja mpaka sakafu uliyoiweka. Ni kweli soko likikimbia oda ya kikomo inaweza kubaki mikononi bila mnunuzi. Hiyo ndiyo gharama yake, na ni lazima uichague ukiwa macho. Oda ya bei ya soko nayo hutimia haraka, lakini kwa bei yoyote itakayokutwa. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2015, Dow Jones, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, iliporomoka kwa zaidi ya pointi 1,000 dakika chache baada ya kengele, stopu nyingi ziligeuka kuwa oda za bei ya soko na watu wakauziwa mali zao kwa bei ambazo saa chache baadaye hazikuwepo tena. New York Stock Exchange iliacha kupokea oda za stopu Februari 2016. Nyingi sasa hukaa kwenye seva ya dalali na kusubiri. Seva hiyo ikikwama, nayo stopu imekwama.

Tena stopu haifanyi kazi soko likiwa limefungwa. Kampuni nyingi hutangaza mapato yao baada ya kengele ya mwisho. Umelala na stopu ya 1.90, opsheni inafunguka kesho yake kwa 0.40, utauziwa kwa 0.40 au pungufu. Hakuna kanuni inayoziba pengo hilo. Kinachosaidia ni idadi ya mikataba uliyonunua kabla, au kuweka kanuni ya kutoka kabla ya siku ya matangazo. Hata ukiotea upande sahihi, hofu iliyokuwa imepandisha bei ya opsheni huyeyuka habari ikishatoka, na opsheni inaweza kushuka huku hisa imepanda.

Muda ndio mlango ambao wengi hawauandiki. Bei ya faida wameiweka, ya hasara wameiweka, siku ya kutoka hawajaiweka, na opsheni huliwa na kalenda kila siku inayopita. Wauzaji wa opsheni wengi wana desturi ya kufunga wakishapata nusu ya faida, au zikibaki siku 21 kabla ya mkataba kuisha, lolote litakalotangulia. Si sheria, lakini ni bora kuliko kutokuwa na tarehe. Siku ya mwisho, kukaa kimya nako ni uamuzi. Options Clearing Corporation ya Chicago, inayosimamia makabidhiano ya opsheni za Marekani, hutekeleza yenyewe, yaani hununua au kuuza hisa kama mkataba unavyosema, opsheni yoyote ya hisa iliyoisha ikiwa na faida ya senti moja au zaidi dhidi ya bei ya hisa iliyoandikwa kwenye mkataba, isipokuwa yamekuja maagizo ya kuizuia.

Hesabu ya jambo hili inaumiza zaidi kwenye biashara ya miguu miwili, yaani opsheni mbili zinazoshikana. Umeuza puti ya dola 50, yaani opsheni inayompa mnunuzi haki ya kukuuzia hisa kwa bei hiyo, umenunua puti ya dola 45 kama kinga, umepokea dola 120. Hasara yako ya juu kabisa, kwa karatasi, ni dola 380. Ijumaa ya mwisho hisa inafungwa kwa 47. Puti yako ya 45 imekufa bila thamani. Ile ya 50 inakuletea hisa 100 kwa dola 5,000, uwe umejiandaa au hapana. Jumatatu hisa inafunguka kwa 40. Hasara ni dola 880, wala hukufanya kosa lolote isipokuwa kutotoka. Kwa hiyo kanuni ya kutoka ifunge miguu yote miwili kwa oda moja, na ifanye hivyo siku kadhaa kabla ya Ijumaa. Oda zikiwa mbilimbili, siku moja mguu wa kinga utauzwa na ule wa hatari utabaki wazi.

Kuhusu saa, nina aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandika kanuni itoke saa sita kasorobo usiku, robo saa kabla ya soko kufungwa, na ilifanya kazi vizuri majira yote ya baridi. Jumapili ya pili ya Machi Marekani wakasogeza saa zao mbele. Sisi hatusogezi chochote. Jumatatu yake programu ikatuma oda dakika 45 baada ya soko kufungwa, oda ikalala mpaka kesho, na kesho ilikuwa mbaya. Andika kanuni kwa saa za New York, usiandike kwa saa za ukutani kwako. Mabadiliko mengine huja Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Ukiweka oda mbili zinazofutana, ya faida na ya hasara, jaribu kwa mkataba mmoja na uhakikishe kwa macho kwamba moja ikitimia ya pili inafutika. Isipofutika utajikuta umeuza mara mbili, yaani umekuwa muuzaji wa opsheni usiyokuwa nayo. Na ujue jinsi ya kuizima programu yote. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa yenye wahandisi wake, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa takribani dakika 45 kwa sababu programu ya zamani iliamka kwenye seva moja na hawakuweza kuizima mapema. Mimi na wewe tuna simu na umeme unaokatika. Namba ya dawati la dalali iandikwe kwenye karatasi pamoja na namba ya akaunti, na simu iwe na vocha ya kutosha kupiga Marekani.