Utumbo wa paka uliojichomeka: ninavyopima na kutibu

Mama mwenye ghala la mahindi Kibaigwa aliniletea paka wa miezi minne kwenye kikapu. "Daktari, huyu kalishwa sumu." Siku tatu anatapika, choo ni kamasi lenye damu. Sumu haikuwepo. Kipande cha utumbo kilikuwa kimezama ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati uliogeukia ndani. Kwa mnaoanza kazi, naenda hivi.

1. Anza mdomoni. Inua ulimi kwa kusukuma gumba katikati ya taya la chini. Paka wa maghalani huchezea uzi wa kushonea magunia, ukanasa hapo huku ncha nyingine ikishuka tumboni. Ukiuona usiuvute, utachana utumbo. Huyu alikuwa safi. Kwa wadogo, mshukiwa wangu mwingine ni minyoo au kuhara; kwa paka mzee, uvimbe wa saratani. Wengi chanzo hakionekani.

2. Papasa tumbo, polepole. Unatafuta kitu kama soseji, kinateleza vidoleni na kinamuuma. Kinyesi kikavu hudanganya, ila kukibonyeza huacha alama ya kidole. Usipokigusa usitangaze kuwa hakipo. Mwamuzi ni ultrasaundi: ukikata picha kwa upana unaona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Eksirei inakuonyesha utumbo uliojaa gesi juu ya kizuizi, basi.

3. Dripu kabla ya kisu. Hapa ndipo wengi tunapoua. Aliyekauka ukimpa nusukaputi hivyo hivyo, atakufia mezani. Akiwa kwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini: Ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi) ya vuguvugu, mililita 5–10 kwa kilo ndani ya dakika 15–20, kisha angalia tena fizi na mapigo kabla ya kuongeza. Mfunike blanketi, asubuhi za Julai hapa Dodoma si mchezo. Metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika, weka kando, inasukuma utumbo ulioziba. Na uliza kama nyumbani walimpa panadol, maana hiyo ndiyo sumu ya paka kweli.

4. Pasua katikati ya tumbo. Usivute. Kamua kutokea kwenye ncha ya kipande kilichozama, kama dawa ya meno, huku mkono wa pili ukisaidia kidogo tu. Utumbo ukishatoka, umwagie maji ya chumvi ya vuguvugu, subiri. Ukirudi waridi, ukichezacheza na mishipa ikipiga, uache. Mweusi, au umegoma kutoka? Kata na uunge: uzi unaoyeyuka namba 4-0, mshono mmoja mmoja, milimita 3 hivi kati yake. Jaza maji ya chumvi kwa sirinji uone kama unavuja, halafu funika kwa utando wa mafuta wa mle mle tumboni. Wapo wanaoshonanisha vitanzi vya utumbo ili isijirudie. Mimi nimeacha, maana vitanzi hivyo navyo vinaweza kuziba utumbo.

5. Baada ya hapo. Dawa ya maumivu, chakula laini kidogokidogo ndani ya saa 12–24. Siku ya 3 hadi ya 5 mshono ndipo hupenda kufumuka, kwa hiyo simruhusu kabla.

Wa Kibaigwa nilimkata. Ndani mlikuwa na minyoo mirefu kama tambi. Siku ya 6 mama alipomfuata, aliondoka pia na dawa ya minyoo ya ndugu zake watatu waliobaki ghalani.