Kupanga Maonyesho ya Wapigapicha Wawili Chipukizi

Usigawe ukumbi nusu kwa nusu. Najua ndiyo njia ya amani, lakini mtazamaji ataona maonyesho mawili yaliyobanana chumba kimoja. Mimi hutandaza picha za wote wawili sakafuni, kisha natafuta jozi: umbo linaloitikia umbo, weusi unaodai weupe. Wasanii wabishane hapo chini, kabla msumari haujagongwa. Anayelalamika kwamba mwenzake kapewa ukuta mkubwa, mpe nafasi ya mlangoni.

Picha za majaribio zina madeko yake. Sainotaipu, ile mbinu ya buluu aliyoibuni mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, hufifia ikipigwa na mwanga mkali. Iweke mbali na dirisha, na taa zisizidi laksi (kipimo cha mwangaza) 50 hivi. Usiipakanishe na karatasi yenye alkali, maana huila ile buluu. Ikishafifia kidogo, ikae gizani. Rangi hurudi kiasi. Fotogramu, yaani picha iliyopatikana bila kamera, haina negativu ya kuchapia nakala nyingine: ikiharibika, imekwenda. Iwekee fremu yenye kioo, usiibandike kwa pini, hata msanii akiapa kwamba pini ndiyo dhana yenyewe. (Ataapa.)

Kimo hakina mjadala: katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni.

Lebo ziwe na jina, mwaka na mbinu, basi. Falsafa ichapwe kwenye karatasi mlangoni, atakayeitaka atachukua.