Somo: Kununua na kutunza vitabu vya magari ya mbio ukiwa Mwanza

Wakuu, tangu nilipoweka picha ya kabati langu la vitabu maswali hayajakoma, kwa hiyo leo naandika somo lenyewe. Hatua nyingine nitazipitia haraka. Nyingine nitakaa nazo, kwa sababu ndizo zilizonigharimu hela na usingizi.

Mtu anayejua magari akienda kukagua gari la mkononi haanzi na rangi. Anafungua boneti, analala chini atazame chesesi, anatafuta palipochomelewa. Kitabu nacho kinunuliwe hivyohivyo. Ile Ferrari nyekundu kwenye kava ni rangi tu. Chesesi ya kitabu ni mshono wake na karatasi yake. Na sisi tunaokaa pembeni ya Ziwa hatuna nafasi ya kukosea hapo, maana hewa yetu ina unyevu, na unyevu ukikuta gundi dhaifu hauichelewi.

Hatua ya 1: Chagua kona yako

Usikusanye kila kitu. Kuna anayependa Le Mans, mbio za saa 24 zilizoanza 1923. Kuna anayependa Targa Florio ya kule Sicily, iliyoanza 1906. Mwingine anataka gari moja tu, tuseme Jaguar E-Type ya 1961, na anatosheka nalo maisha yake yote.

Mimi kona yangu ni Safari Rally, kwa sababu ni habari ya nyumbani. Ilianza tarehe 27 Mei 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda na Volvo PV544. Mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu yetu: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akashinda mara mbili mfululizo na Peugeot 404, msoma ramani wake akiwa Chris Rothwell. Kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaichukua 1973, akarudi akaichukua miaka minne bila kupumzika, 1979 hadi 1982. Mara tano jumla.

Ukishakuwa na kona, unapata na mizani ya kupimia waandishi. Kitabu cha Peugeot kikimtaja Shankland kikamsahau Rothwell, nakirudisha rafuni. Mwandishi huyo hajui kazi ya mtu anayekaa kiti cha kushoto usiku kucha na ramani mapajani. Kitabu cha Porsche nakifungulia kwenye Safari moja kwa moja: je, kinasema wazi kwamba gari lao la 911 lilimaliza la pili 1972, 1974 na 1978, na ushindi wenyewe halikuupata? Kikikiri hilo, nakiamini na kwa mengine.

Wa mbio za Ulaya mna kipimo chenu. Tafuta picha ya dereva Stirling Moss na msoma ramani wake Denis Jenkinson kwenye Mille Miglia ya 1955, mbio za barabarani za Italia. Mercedes yao ilikuwa na namba 722 kwa sababu iliondoka Brescia saa 1 na dakika 22 asubuhi kwa saa zetu, wao wakiandika 7:22. Maelezo ya picha yakikosea jambo linalojulikana hivyo, yale yasiyojulikana utayaaminije?

Hatua ya 2: Kagua mshono

Hapa tukae. Laza kitabu mezani kikiwa kimefungwa, uinamie kichwa cha mgongo, pale kurasa zinapokutana na jalada. Kilichoshonwa kinaonyesha mafungu madogo ya karatasi yaliyokunjwa, moja kando ya jingine, kila fungu limejipinda kama daftari jembamba. Kilichogundishwa tu kiko sawasawa kama mkate uliokatwa kwa kisu. Sasa fungua taratibu, hesabu kurasa mpaka ufike katikati ya fungu. Mara nyingi fungu ni kurasa 16. Utauona uzi. Pitisha kidole juu yake. Uzi uliokaza unasikika kama mshono wa kiatu.

Kitabu kikubwa cha picha kinaweza kufika kilo nne. Kilo nne zinazoning'inia kwenye gundi peke yake, kwenye joto na unyevu wa huku, zitaachia. Ukinunua kwa mbali, mwombe muuzaji picha tatu: kichwa cha mgongo, uzi katikati ya fungu, na ukurasa wa hakimiliki. Anayekataa kupiga picha tatu, mwache na kitabu chake.

Hatua ya 3: Nenda na lenzi

Mwanza tuna bahati, mji wa dhahabu na almasi haukosi sonara, na lenzi ya sonara inayokuza mara kumi inatosha. Weka juu ya picha. Utaona nukta. Nukta kubwa unazoweza kuzihesabu ni uchapaji wa gazeti. Uchapaji mzuri, nukta zimesongamana hadi jicho linachoka.

Picha za zamani za nyeusi na nyeupe zinataka umakini zaidi. Zikichapwa kwa wino mmoja, giza lote linakuwa doa. Wachapaji wazuri hutumia wino wa aina mbili, mweusi na wa kijivu. Ninayo picha moja ya gari lililokwama, watu wanasukuma. Kwa macho ya kawaida chini ya bodi ni weusi tu. Weka lenzi: matope yamepanda hadi kwenye kitasa, na alama za vidole vitano zimebaki palepale ambapo mtu ameshika. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia.

Hatua ya 4: Soma ukurasa wa hakimiliki

Vitabu vingi vina mstari wa namba, kuanzia 10 kushuka hadi 1 au kinyume chake. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa yenyewe. Ukiiona 1, ni chapa ya kwanza. Toleo lenye idadi maalumu huandikwa namba kwa mkono, mfano 214/500. Angalia kwa lenzi kama ni wino wa kalamu, na si uchapaji. Kama kasha nalo lina namba, zifanane. Kava la karatasi la juu lisikosekane, maana likipotea thamani inashuka sana. Kona ya ndani ikiwa imekatwa, mtu aliondoa bei. Si kosa kubwa, ila litajwe.

Hatua ya 5: Safari ya kitabu kuja kwako

Niliwahi kuagiza kitabu cha Targa Florio kutoka ng'ambo. Muuzaji alikifunga kwenye boksi moja bila plastiki. Kilifika msimu wa masika, boksi limelowa kona moja. Sikulifungua siku hiyo, nikaliacha juu ya kabati likauke. Nililipofungua baada ya siku tatu, kurasa kumi na sita za katikati zilikuwa zimekuwa ubao mmoja. Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo laini; ikilowa udongo ule unakuwa ulimbo, na ikikauka imefungwa, haifunguki tena.

Kwa hiyo: plastiki kwanza, sponji, boksi, halafu boksi la pili. Kwenye tamko la forodha iandikwe kwamba ni vitabu vilivyochapwa, msimbo 4901. Mzigo ukifika umelowa, fungua saa hiyohiyo. Ingiza karatasi nyeupe isiyo na maandishi kati ya kila kurasa kabla hazijakauka. Ukishindwa kumaliza kwa saa chache, funga kitabu kwenye plastiki, kiweke kwenye friza kigande, utafute msaada taratibu.

Hatua ya 6: Kabati

Lisigusane na ukuta, hasa nyumba zetu za milimani ambazo ukuta wa nyuma umeegemea mwamba. Acha upana wa kiganja. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu, kwa ajili ya mchwa. Vitabu vikubwa vilaze, visizidi vitatu kwa rundo. Vikisimama, uzito unang'oa kurasa kwenye jalada. Nunua kipima unyevu. Ukungu unapenda unyevu ukipita asilimia 65, mimi hujitahidi nibaki kati ya 45 na 55. Wale wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, funga dirisha na uzime taa ya chumba cha vitabu. Mdudu mmoja akibanwa kati ya kurasa anaacha doa la kudumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Musoma: Shikamoo mzee wangu. Nimepata kitabu kizuri ila kinanuka ukungu. Nikianike juani?

Marahaba mwanangu. Jua usithubutu, litapinda jalada na kufifisha rangi ya mgongo. Kiweke peke yake, mbali na wenzake, chumba chenye upepo, ukisimamishe kikiwa wazi kidogo. Ukungu ukishakuwa mkavu kama vumbi, toka nje, funga pua na mdomo, uufagie kwa brashi laini kuelekea mbali nawe. Harufu itapungua kwa wiki, haiishi kwa siku.

Bukoba: Mkuu, huku mvua hazituachi. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vinafaa?

Vinafaa ndani ya boksi lenye mfuniko unaobana. Kwenye kabati la wazi havifanyi kitu, vinajaa unyevu siku moja.

Kisumu: Ndugu, nimeona kadudu kanakong'aa kama fedha kwenye mgongo wa kitabu. Niweke vidonge vya kabatini?

Hapana, harufu yake haitoki na si salama kuivuta. Funga kitabu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka friza kali kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mifuko kwa saa 24, ili umande ubaki nje ya plastiki.

Igoma: Kaka, kava la juu nilivishe nailoni ile ya madaftari ya watoto?

Ile inanata kwenye wino kadiri miaka inavyokwenda. Tafuta plastiki ya poliesta, ngumu kidogo, inayopiga kelele ukiikunja. Na selotepu isikaribie kitabu hata kwa bahati mbaya.

Dar es Salaam: Glovu za pamba ni lazima?

La. Glovu inapunguza hisia, utachana ukurasa. Nawa, kausha mikono vizuri, geuza ukurasa kwa kushika kona ya juu.

Ukerewe: Shikamoo baba. Marehemu baba yangu alikuwa fundi magari. Ameacha albamu yenye picha za rali na karatasi za ratiba, zimegundishwa. Si kitabu. Nayo inafaa kutunzwa?

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba. Hiyo ina uzito kuliko vyote nilivyo navyo, kwa sababu haina nakala ya pili. Usibandue picha hata moja. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha. Kaa na mama pamoja na mafundi wenzake baba walio hai, uwaulize nani ni nani na gari ni la nani, uandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Hilo lifanye mwezi huu. Ukija mjini, ilete tuitazame pamoja kwa lenzi. Kwenye kivuko ifunge plastiki mbili, uipakate mwenyewe, usiiweke sakafuni.