Namna ya kuchunguza vipepeo wa mvua na wa kiangazi

Ukimwona kipepeo wa kahawia kwenye nyasi za kivulini mwezi wa Februari, huko kusini mwa Tanzania au Malawi, kisha ukamwona mwingine papo hapo mwezi wa Agosti, utaapa kwamba hawana udugu. Wa mvua ana madoa mfano wa macho ukingoni mwa mabawa, kila moja likiwa na kitone cheupe ndani ya duara jeusi lenye pete ya manjano. Wa kiangazi amebaki na vinukta hafifu, na rangi yake ni ya jani kavu. Wote wawili ni spishi moja, Bicyclus anynana.

Chagua sehemu moja yenye miti na nyasi, kwa kuwa viwavi wake hula nyasi, na usiihame mwaka mzima. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, zifunike kwenye kopo siku mbili au tatu hadi zinuke kama pombe, kisha uziweke kwenye kisahani kinachoning'inia karibu na ardhi, maana kipepeo huyu hupenda matunda yanayooza kuliko maua. Sisimizi nao hawatakosa. Kamba ya kuning'inizia kisahani ipake grisi.

Wengi hukosea kwa kusubiri afungue mabawa. Alama unazozitafuta ziko upande wa chini, naye huzionyesha akiwa ametulia na kuyafumba. Mpige picha kwa simu, ukiangalia pia kama ukingo umemeguka: ndege au mjusi hulenga lile jicho la bandia, akaambulia kipande cha bawa huku mwenyewe akiponyoka. Kiangazi hila hiyo haifai, kwani juu ya majani yaliyokauka jicho lingemfichua. Kwa hiyo utamkuta ametulia, haruki mpaka umkaribie sana, na jike huahirisha kutaga hadi nyasi zichipue tena.

Andika tarehe, mvua na ukubwa wa madoa, lakini usitarajie mgeuko siku mvua inapokatika. Kipepeo akishatoka kwenye pupa habadiliki tena. Kinachobadilika ni kizazi kinachofuata, kulingana na joto alilolipata kiwavi siku zake za mwisho. Maabarani, viwavi waliolelewa kwenye nyuzijoto 27 hutoka na macho makubwa, na waliolelewa kwenye 17 hutoka karibu bila macho. Daftari lako, basi, husimulia hali ya hewa ya wiki zilizopita.

Ukishamzoea huyu, mtafute Precis octavia, mwekundu wa machungwa wakati wa mvua na wa buluu iliyoiva wakati wa kiangazi. Wataalamu waliwahesabu kuwa spishi mbili, hadi mtaalamu wa wadudu Guy Marshall alipowafuga mwaka 1898, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akaona mmoja akizaliwa na mwingine.

Misimu inapopishana utapata pia wa katikati, wenye macho madogo. Usiwalazimishe kuingia kundi hili au lile. Watengee safu yao daftarini.