Kiyoyozi cha dirishani, cha magurudumu au cha nyumba nzima? Chukua futi kamba kwanza

Ninafunga viyoyozi hapa Dar es Salaam, na Desemba ikifika simu ni zile zile: "Fundi, ninunue kipi?" Usinunue bado.

Hatua ya 1: Pima chumba. Urefu mara upana, kwa mita. Mimi huanza na BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza, utakiona kimeandikwa kwenye kiyoyozi) kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 kinataka 9,600. Kama jua la jioni linapiga ukuta wake, au juu ni bati tupu bila dari, panda hadi 12,000.

Hatua ya 2: Kagua dirisha. Kiyoyozi cha dirishani kinataka tundu lake, na madirisha yetu yana nondo na nyavu, hivyo mara nyingi tunatoboa ukuta. Mpangaji, ongea na mwenye nyumba kabla sijashika nyundo. Kikae kimeinamia nje kidogo ili maji yatokee huko. Tabata nilikuta kimoja kimeinamia ndani: godoro limelowa, mteja analaumu bati, na mvua haijanyesha wiki mbili.

Hatua ya 3: Cha magurudumu, kijaribu kwa tishu. Hakihitaji fundi, na ukihama unahama nacho. Lakini vingi vina bomba moja linalotupa hewa ya moto nje, na hewa hiyo imetoka chumbani mwako, kwa hiyo lazima nyingine iingie. Ning'iniza kipande cha tishu kwenye upenyo wa chini ya mlango. Utakiona kinavutwa ndani: hilo ni joto la sebuleni, nawe unalilipia umeme. Dirisha la luva ndiyo balaa zaidi. Ziba mianya kwa plaiwudi iliyokatwa tundu la bomba tu. Halafu kompresa iko humo humo, unalala na ngurumo yake.

Hatua ya 4: Cha nyumba nzima, kama bado unajenga. Mifereji yake ya hewa hupita juu ya dari, na chini ya bati saa nane mchana ni tanuri. Isipovikwa kizuia joto, ubaridi unaishia njiani. Familia inayolala vyumba viwili sioni inaenda wapi na gharama hiyo. Kwa nyumba yako mwenyewe, mimi ningefunga spliti chumbani, yaani kile cha vipande viwili, kimoja ndani na chenye kompresa nje, na kuishia hapo.

Hatua ya 5: Soma luku. Nenda kwa jirani mwenye kiyoyozi kama unachokitaka, soma uniti, kiwashe kwa muda wa saa moja, soma tena. Cha BTU 12,000 hula uniti moja hivi kwa saa kompresa ikizunguka mfululizo. Na kama taa za kwenu hufifia saa moja jioni, nunua kwanza kile kifaa kinachokata umeme unaposhuka. Kompresa ikiungua, bei ya kuibadilisha itakukalisha chini.