Mtoto ananyonya lakini kilo hazipandi: angalia haya kabla ununue fomula

Mama, kama umekaa hapo na kitabu cha kliniki mkononi unaangalia ile laini ya uzito imelala badala ya kupanda, najua venye tumbo linakukaza. Binti yangu alizaliwa hapa Kisumu na kilo 3.2, wiki ya 2 akawa 3.1, wiki ya 6 tulipoenda chanjo mizani ikasema 3.6, na sista aliyekuwa zamu hakuniuliza hata swali moja, aliandika tu akaniambia maziwa yako ni kidogo, nunua fomula. Nililia kwa tuktuk mpaka Manyatta. Kumbe maziwa yalikuwepo, shida ilikuwa venye mtoto alikuwa anashika titi na venye nilikuwa namnyonyesha kwa kuangalia saa, na hiyo hakuna mtu alikuwa ameitazama kwa macho. Ndio maana naandika hii, ju wamama wengi wanaambiwa maziwa ni kidogo kabla mtu yeyote akae chini aone mtoto akinyonya.

Anza na mizani yenyewe. Mtoto apimwe uchi ama na nepi kavu tu, na ile mizani ya kuning'inia irudishwe zero na ile suruali ya mizani ya kumwekea mtoto ikiwa tayari imefungwa. Leo amepimwa na sweta, kofia na soksi ju asubuhi ilinyesha, wiki ijayo anapimwa bila, utaona amepungua na hajapungua chochote. Ukiweza tumia mizani moja kila mara, ju ya kliniki na ya duka la dawa hazisomi sawa. Na usipime kila siku, utajitesa bure, mara moja kwa wiki inatosha kama hajaambiwa arudi mapema.

Sasa namba. Mtoto akizaliwa hupoteza uzito kidogo siku za kwanza, hiyo ni kawaida, ikipita asilimia 10 ndio si ya kungoja, yaani mtoto wa kilo 3.2 akishuka chini ya 2.9 arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Anafaa awe amerudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Wangu wiki ya 2 alikuwa bado, na hiyo ndio ilikuwa dalili ya kwanza, nikaambiwa tu atapata. Kutoka hapo mpaka miezi 3 anaongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku, tuseme 150 hadi 200 kwa wiki. Ukipiga hesabu, wangu aliongeza nusu kilo kwa wiki 4, hiyo ni kama gramu 18 kwa siku, ilikuwa chini kweli. Baada ya miezi 3 kasi inapungua yenyewe, 100 hadi 150 kwa wiki, na hapa ndio wamama hushtuka ju mtoto alikuwa anapanda mbio halafu ghafla anatembea polepole. Hapo kama laini bado inafuata njia yake hakuna shida.

Na usimlinganishe na wa jirani. Ile chati iko kwa kitabu ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2006, na watoto waliopimwa kuitengeneza walikuwa wa kunyonya, kutoka Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kwa hivyo usikubali mtu akwambie chati ni ya watoto wa fomula. Ya wavulana iko kivyake na ya wasichana kivyake, hakikisha wako amejazwa kwa yake. Mtoto anaweza kuwa kwa laini ya chini na awe mzima kabisa kama anaifuata vizuri, wengine wamezaliwa na wazazi wadogo wa mwili. Wa kushughulikia ni yule laini yake imelala flati, ama imekata laini zingine ikienda chini.

Jambo la pili ni nepi. Kinachoingia lazima kitoke. Kuanzia siku ya 5 hivi anafaa akojoe mara 6 ama zaidi kwa masaa 24, mkojo uwe mweupe bila harufu kali, na mwezi wa kwanza apate choo cha manjano kama mara 3 au zaidi kwa siku. Baada ya wiki 6 choo kinaweza kukaa siku kadhaa na si shida kama ni laini kikitoka. Daipa za kununua zinaficha mkojo, kwa hivyo rudi kwa nepi za kitambaa siku mbili uhesabu, hiyo ndio njia nzuri. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa ama nepi zinakaa kavu masaa 6, usiendelee kuhesabu, enda hospitali.

Sasa hapa ndio kazi yenyewe iko, usiharakishe. Mweke mtoto kwa titi halafu uangalie, ama uombe mtu akurekodi na simu ju wewe mwenyewe ukiwa juu huoni vizuri. Mdomo unafaa uwe umefunguka sana kama anapiga miayo, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi kuzunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mwili wote umekuangalia, tumbo kwa tumbo, si shingo imepinda. Mwanzo atanyonya haraka haraka, halafu maziwa yakishuka anakuwa polepole, ananyonya, anatulia, anameza, na unasikia akimeza. Ukisikia mlio wa taki taki, mashavu yanaingia ndani, wewe unaumwa mpaka unakunja vidole vya miguu, ama chuchu inatoka imebonyea upande mmoja kama lipstiki mpya, basi anashika chuchu peke yake na hapati maziwa ya kutosha hata kama titi limejaa. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Niliambiwa kuumwa ni kawaida ya mtoto wa kwanza, nikavumilia wiki 6, na kuumwa vile si kawaida.

Sista mwingine, wa kliniki tofauti, ndiye alinionyesha. Subiri afungue mdomo kabisa, gusa mdomo wake wa juu na chuchu umchokoze, halafu umlete yeye kwa titi haraka, usiinamie wewe umpelekee. Akishika vibaya ingiza kidole kidogo kwa kona ya mdomo umtoe, uanze tena, hata mara 5, usimwache aendelee hivyo ju amelia. Sista pia alimwangalia chini ya ulimi, ju kuna watoto ulimi umeshikana chini na haunyanyuki vizuri, hao wanahitaji daktari awaone.

Kosa langu lingine lilikuwa saa. Nilikuwa nampa dakika 10 huku, dakika 10 kule, nikisikia ndio sheria. Maziwa ya mwanzo ni mepesi, mafuta yanaongezeka titi likiendelea kuisha, kwa hivyo mwache amalize titi la kwanza aachilie mwenyewe ndio umpe la pili, na akirudi kunyonya uanze na lile alimaliza nalo. Akianza kulegea na kusinzia bonyeza titi polepole na mkono mzima, utaona anaamka anameza tena. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa masaa 24, na usiku usiruke, homoni ya kutengeneza maziwa hupanda sana usiku. Watu walinisifu ati nina mtoto mpole analala masaa 6, na alikuwa analala ju hana nguvu. Mtoto mchanga ambaye uzito haupandi, mwamshe kila masaa 2 hadi 3, mtoe nguo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi. Chuchu ya plastiki ya kumtuliza weka kando kwa sasa.

Halafu kuna maji. Jua la Kisumu tunalijua, na kila mtu akikuja kuona mtoto anasema midomo imekauka mpe maji kidogo. Usimpe. Maziwa ya mama karibu yote ni maji, na tumbo lake ni dogo, kila kijiko cha maji, glukosi ama manyasi, yaani dawa ya mitishamba, kinachukua nafasi ya maziwa na kinaweza kuleta kuhara. Uji pia ungoje miezi 6. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Siaya na manyasi kwa chupa kwa nia nzuri kabisa, na sikumpinga, nilimwambia, mama, daktari ameniambia tupime wiki mbili na maziwa peke yake halafu wewe mwenyewe utaenda naye kliniki uone. Alienda naye. Alirudi akiwaambia majirani wote mtoto wa kunyonya hapewi maji.

Ili maziwa yaongezeke, titi lazima liishe mara nyingi, hakuna njia ya mkato. Baada ya kunyonyesha kamua na mkono dakika 10 hivi kila upande, hizo mpe na kikombe kidogo safi ama kijiko, si chupa, ju chupa ni ngumu kuosha na inaweza kumchanganya. Wewe kula, usiogope chakula, uji wa wimbi, omena, maharagwe, osuga na mboga zingine za kienyeji, na kunywa ukiwa na kiu, lakini nisikudanganye, supu peke yake haitaleta maziwa kama mtoto hashiki vizuri. Kama ulitokwa na damu nyingi ukizaa, ama bado inatoka nyingi, ama una shida ya tezi ya shingo, mwambie daktari, hizo hupunguza maziwa. Na mpango wa uzazi uliza kabla, zile tembe zenye homoni mbili zinaweza kushusha maziwa, ziko zingine za homoni moja za mama anayenyonyesha. Kama uko kwa ARV meza dawa zako na endelea kunyonyesha bila kuchanganya na vitu vingine mpaka miezi 6, sista wako atakuongoza.

Kuna mtoto ambaye haya yote hayatoshi ju ni mgonjwa. Anayetoka jasho na kuchoka sana akinyonya, anayepumua mbio, mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia kama hajafika miezi 2, ama 50 na zaidi kama amepita hapo, mwenye joto la 37.5 kwenda juu, amelegea haamki kunyonya, utosi umeingia ndani, macho yamekuwa manjano, ama anatapika kwa nguvu kila mara. Huyo apelekwe leo, hata kama ni usiku, hata kama ni boda. Na daktari akisema mtoto anahitaji fomula kwa muda, mpe bila aibu, apewe na kikombe, na uendelee kumweka kwa titi na kukamua ndio maziwa yasikauke.

Ukibadilisha haya rudi upime baada ya wiki moja, na kama ana chini ya wiki 2 rudi baada ya siku 2 au 3. Wangu wiki ya 10 alikuwa 4.5, wiki ya 14 akawa 5.3. Kitu kimoja wengi hawajui, baada ya chanjo ya wiki 14 hakuna chanjo nyingine mpaka miezi 6, ile ya malaria ya huku kwetu ikianza, kwa hivyo mtoto anaweza kukaa karibu miezi 3 bila kupandishwa mizani. Usingoje chanjo. Enda kila mwezi useme umekuja kupima uzito peke yake, na usitoke pale kabla ile nukta haijawekwa kwa chati na wewe ukiona.