Kutibu kufunga choo kwa akupancha: mambo ya kufanya kabla ya sindano ya kwanza na baada yake

Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba kwenye pointi maalumu za mwili. Kabla ya kumlazia mtu tumbo lako alichome sindano hizo, hakikisha kwanza kwamba kufunga choo kwako si dalili ya ugonjwa mwingine. Anayeona damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, aliyepungukiwa damu, au ambaye mwenendo wa choo chake umebadilika ghafla baada ya kuvuka miaka 50, aanzie hospitali kwa uchunguzi. Mtajie daktari dawa zote unazomeza, kwa sababu vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu kama kodeini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunga choo, na ni kazi bure kulipia sindano jioni ilhali kila asubuhi unameza kinachokufunga.

Ukishajiridhisha, tenga daftari. Kwa wiki mbili andika kila mara unapopata choo: kilikuja chenyewe au kwa msaada wa dawa ya kulainisha choo, kilikuwa kigumu kiasi gani, na je, ulitoka chooni ukihisi umemaliza? Kipimo hiki ndicho kilichotumika katika utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 1,075 katika hospitali 15. Waliofikia choo kamili mara tatu au zaidi kwa wiki, bila dawa, walikuwa takribani asilimia 31 kati ya waliochomwa sindano zenye umeme, na asilimia 12 kati ya waliochomwa sindano za bandia, yaani za kuigiza tiba tu ili kulinganisha. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini isomwe yote: zaidi ya nusu ya waliotibiwa hawakufikia kiwango hicho, kwa hiyo mganga anayekuhakikishia kupona anakuuzia maneno.

Mtabibu atakayekuchoma achaguliwe kwa makini. Kwa Tanzania, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kisha tazama kwa macho yako akifungua pakiti mpya ya sindano zinazotumika mara moja tu. Asiyetaka utazame, mwache. Mwambie mapema kama una ujauzito, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama umewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kwani mwenye kifaa hicho hapaswi kuunganishwa na umeme.

Siku yenyewe utalala chali. Katika utafiti ule sindano ziliingia kwenye pointi tatu, kulia na kushoto: Tianshu, kiasi cha upana wa vidole vitatu kando ya kitovu, Fujie, mbali zaidi na chini kidogo ya hapo, na Shangjuxu, mguuni, takribani upana wa viganja viwili chini ya goti, upande wa nje wa mfupa wa ugoko. Waya huunganishwa na mkondo mdogo wa umeme kwa dakika 30. Utahisi uzito, ganzi au msuli ukichezacheza, jambo la kawaida. Maumivu makali si ya kawaida, na unayo haki ya kusema asimamishe. Alama ndogo ya damu kuvilia huweza kubaki. Usijaribu kujichoma mwenyewe nyumbani, hata ukiwa na ramani ya pointi.

Pengine gharama ya muda ndiyo huwashinda wengi, kwani ratiba ile ilikuwa vipindi 28 katika wiki nane: vitano kwa wiki katika wiki mbili za mwanzo, kisha vitatu kwa wiki. Pigia hesabu nauli ya kwenda na kurudi kabla hujaanza, maana vipindi vitatu vya kujaribisha havikuonyeshi lolote. Katika muda wote huo endelea kujaza daftari, na endelea na maji, mboga za majani na matunda, na usibane haja inapokuja. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu ili akae karibu na mkao wa kuchuchumaa.

Wiki ya nane ikiisha, linganisha kurasa za mwisho za daftari na zile za wiki mbili za kabla ya sindano. Kama idadi haijapanda, rudi kwa daktari na daftari hilo mkononi. Kama imepanda, endelea kuandika kwa wiki 12 zaidi, kwa kuwa katika utafiti huo nafuu iliendelea kuonekana kwa kipindi hicho baada ya sindano kukoma.